Maswali ya Wasomaji: Saa ya Mitambo Mkononi mwa Mwendesha Baiskeli

SWALI

Ndugu Mhariri, baada ya miaka mingi ya kujinyima nimenunua saa nzuri ya mitambo, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, yenye mkanda wa ngozi na mgongo wa kioo unaoonyesha magurudumu yake yakizunguka. Kila siku ninaendesha baiskeli kwenda kazini, na mwisho wa juma huenda mwendo mrefu zaidi, kilomita 60 au 70, sehemu ya njia ikiwa ya lami na sehemu ikiwa ya kokoto. Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba ninaiua saa yangu taratibu, kwa kuwa mtetemo wa usukani hulegeza skrubu na kuvuruga mapigo yake. Mwingine anacheka na kusema kwamba saa isiyoweza kustahimili baiskeli haistahili kuitwa saa. Nimwamini nani?

JIBU

Ndugu msomaji, mwenzako wa kwanza anaogopa kitu kisichotisha sana, na wa pili, nadhani, bado hajaanguka. Mtetemo wa barabara na pigo la kuanguka ni mambo mawili tofauti kabisa kwa saa, na mashauri mengi yanayotolewa juu ya suala hili hupotoka kwa sababu huyachanganya.

Ndani ya saa yako mna gurudumu dogo la mizani linalokwenda na kurudi bila kukoma, likiongozwa na springi iliyosokotwa, nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi zinazotengenezwa siku hizi gurudumu hilo hupiga mara 8 katika kila sekunde, ambayo ni mapigo 28,800 kwa muda wa saa moja. Saa za zamani zaidi hupiga 21,600 au 18,000. Mhimili wake umekalia vito vya yakuti vinavyotengenezwa viwandani, na ncha zake mbili, zinazoingia katika vito hivyo, ni nyembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Hizo ncha ndizo shingo ya saa. Uzito wote wa gurudumu hutegemea hapo, na saa ikigongwa ghafla, ni hapo panapopinda au kukatika.

Mtetemo wa barabara, hata ule wa kokoto, ni mfululizo wa misukosuko midogo ya haraka ambayo huja kila upande na kwa sehemu kubwa hufutana. Tena haufiki kwenye saa ukiwa mzima. Tairi hunyonya sehemu yake, glavu na nyama ya kiganja hunyonya sehemu nyingine, na kiwiko kilichokunjwa kidogo hufanya kazi ya springi. Mtu anayetaka kumhurumia mtambo wake basi apunguze upepo wa tairi kidogo anapoingia njia ya kokoto na asiukaze mkono kama fimbo. Mgongo wake nao utamshukuru. Saa huenda ikapotoka sekunde chache kwa siku ya safari ndefu, lakini hata kuilaza kwa ubavu badala ya kifudifudi usiku kucha hubadilisha mwendo wake, na saa iliyothibitishwa kwa kiwango cha kronomita ya Uswisi yenyewe inaruhusiwa kukosea kwa wastani kati ya sekunde 4 nyuma na sekunde 6 mbele kwa siku. Kuhusu skrubu, mwenzako hakukosea moja kwa moja: skrubu inayoshika uzito unaozunguka na kuijaza saa inaweza kulegea baada ya miaka ya misukosuko, na dalili yake ni mkwaruzo unaousikia ukiitikisa saa karibu na sikio. Ukiusikia, ivue na uipeleke kwa fundi saa siku hiyo hiyo, kwa sababu uzito huo uliolegea husaga kila unachogusa.

Kuna desturi moja tu ya mtetemo ambayo ningeikemea, nayo ni ya kuifunga saa kwenye usukani ili isomeke kwa urahisi. Pale hakuna kiganja wala kiwiko cha kuikinga. Kila shimo la barabara huifikia likiwa zima.

Sasa tuje kwenye pigo. Mafundi walianza kulitafutia dawa zamani sana: Abraham-Louis Breguet, fundi mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, alibuni kinga ya kwanza ya mhimili wa mizani mnamo mwaka 1790 hivi, kwa kuviweka vito juu ya springi ili visogee saa inapogongwa. Wazo hilo lilienea katika saa za mkononi kuanzia miaka ya 1930, hasa kwa kifaa kinachoitwa Incabloc, ambamo kito hushikwa na springi ndogo yenye umbo la kinubi: pigo likija, mhimili na kito husogea pamoja hadi sehemu nene na imara ya mhimili ichukue mzigo, kisha springi huvirudisha mahali pake. Kwa kuwa saa yako ni mpya, ina kinga ya namna hiyo au inayofanana nayo.

Uwezo wa kinga hiyo una kipimo, na kipimo chenyewe kinamhusu mwendesha baiskeli kuliko anavyodhani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1413, kinachoipa saa haki ya kuitwa yenye kustahimili mishtuko, huiga anguko la saa kutoka urefu wa mita 1 kwenye sakafu ya mbao ngumu: nyundo ya bembea yenye uzito wa kilo 3 huigonga kwa mwendo wa mita 4.43 kwa sekunde, ambao ni karibu kilomita 16 kwa saa, na baada ya hapo saa inatakiwa kuendelea kwenda bila mwendo wake kubadilika kwa zaidi ya sekunde 60 kwa siku. Utazame mkono wako ulipo juu ya usukani, uone kwamba uko karibu mita moja kutoka ardhini. Kwa hiyo anguko la kawaida la ubavu, baiskeli ikiwa imesimama au inakwenda polepole, halipo mbali sana na jaribio hilo, ila lami si mbao, na nyuma ya saa iliyo mkononi kuna uzito wa mwili mzima unaoisukuma chini. Kumbuka pia kwamba zile sekunde 60 ni nyingi. Saa inaweza kufaulu mtihani na bado ikahitaji kurekebishwa na fundi kabla hujaiamini tena.

Kwa sababu hiyo, ukianguka usiridhike kwa kuona tu kwamba mshale wa sekunde unatembea. Pima mwendo wa saa kwa saa 24 ikiwa imelala uso juu, kisha kwa saa nyingine 24 uso ukiwa chini. Tofauti kubwa kati ya siku hizo mbili huashiria ncha ya mhimili iliyopinda, na saa inayokimbia mbele kwa dakika kadhaa kwa siku mara nyingi ina springi ya mizani ambayo mizunguko yake imenasana.

Anguko lina upande mwingine ambao wapenzi wa saa huusahau kwa kuwaza saa tu. Anayerushwa kutoka kwenye baiskeli hunyoosha mkono ili ajizuie, na kifundo cha mkono ndicho hupokea mwili. Mfupa mdogo uitwao skafoidi, upande wa kidole gumba, huvunjika kwa namna hiyo hiyo. Kifundo kilichoumia huvimba haraka, na saa iliyofungwa juu yake hugeuka pingu. Ukianguka, vua saa kwanza, hata kabla ya kuikagua baiskeli.

Katika safari ya kawaida isiyo na anguko, kinachokera zaidi ni kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Ukiuegemea usukani, kiganja hukunjwa kuelekea juu, na kwa anayevaa saa mkono wa kushoto, kitufe kilichopo upande wa tarakimu 3 huchimba mgongo wa kiganja kilomita baada ya kilomita. Wengine huihamishia saa mkono wa kulia, na hapo kitufe huelekea kwenye kiwiko badala ya kidole; wengine huisogeza juu zaidi ya kifundo na kuulegeza mkanda kwa tundu moja. Njia zote mbili ni nzuri, na hiyo ya pili ina faida ya ziada kwa sababu mkono huvimba kidogo kwa joto na kazi, na mkanda uliobana asubuhi huwa unakaba mchana. Mwendesha baiskeli tayari ana mshipa wa fahamu unaobanwa na usukani upande wa kidole cha mwisho, ndiyo maana vidole viwili vya mwisho hufa ganzi katika safari ndefu. Hana haja ya kuuongezea kero.

Nimeacha mkanda wako wa ngozi hadi sasa kwa sababu ndicho kitu pekee katika barua yako kilichonitia wasiwasi wa kweli. Ngozi hunywa jasho. Chumvi ya jasho hubaki ndani yake ikikauka, ngozi huwa ngumu, hupasuka, hutoa harufu, na mwisho hukatika mahali usipopaona, yaani pale inapozunguka kile kipini chembamba chenye springi kinachoushika mkanda kwenye mwili wa saa. Kipini chenyewe nacho huliwa na chumvi hiyo hiyo. Mimi niliwahi kupoteza saa kwa njia hii bila kuanguka wala kugonga kitu: nilinyoosha mkono kufikia chupa ya maji, kipini kikakatika, na nilipogundua nilikuwa nimekwisha kwenda mbali. Nilirudi nyuma nikiikagua njia hatua kwa hatua, nikaikuta ukingoni, kioo kimepasuka vipande vitatu na mishale bado inatembea.

Tangu hapo navaa mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule unaopita chini ya saa na kushika vipini vyote viwili. Kimoja kikikatika, saa hubaki ikining'inia kwa kingine. Mkanda wa mpira hufaa pia na huoshwa kwa dakika moja, ila hauna kinga hiyo ya kipini cha pili isipokuwa nao ni wa kipande kimoja. Mkanda wa chuma ni imara, lakini hukusanya jasho na vumbi katika viungo vyake, na vumbi lililochanganyika na mafuta ya ngozi husaga viungo hivyo kama msasa. Vyovyote uchaguavyo, badilisha vipini kila mwaka. Ni vitu vidogo vya bei ndogo, na saa nzima hutegemea viwili tu.

Ukifika nyumbani, futa saa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi kisha uikaushe kwa kingine, ukizingatia mgongo na pembe zinazoshika mkanda. Chuma cha pua cha saa nyingi kinastahimili kutu vizuri, lakini chumvi iliyoachwa wiki kadhaa chini ya mfuniko wa mgongo huweza kukitoboa vishimo na kuuharibu mpira unaozuia maji.

Mvua haihitaji maneno mengi. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuzamishwa mita 30. Ichukulie kuwa ni ya matone na kunawa mikono, na hakikisha kitufe kimerudi ndani kabla ya kutoka. Mita 100 zinatosha kwa mvua yoyote utakayokutana nayo juu ya baiskeli, mradi mipira yake haijazeeka. Usiioshe baiskeli kwa maji ya kasi ukiwa umeivaa, na kama ina vibonyezo vya kupimia muda, usivibonyeze vikiwa na maji.

Kioo cha mbele, kama ni cha safaya, hakitachubuliwa na mchanga, kwa kuwa ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs ilhali kwazi ya mchanga ni 7, ingawa ugumu huo huo hukifanya kipasuke kikigongwa ukingoni. Mwili wa chuma utapata mikwaruzo. Wa dhahabu utapata mingi zaidi, na kama wako ni wa dhahabu, ningekushauri uvae saa nyingine.

Basi jibu langu kwa saa yako ni kwamba uivae kazini na uivae katika safari zako za lami ukiwa umebadilisha mkanda, na uiache nyumbani siku unayojua utakwenda njia za milimani zenye mawe, siku ya mashindano ya kundi kubwa ambapo anguko la mmoja huwa anguko la kumi, na siku unayojifunza jambo jipya juu ya baiskeli. Najua utanitajia Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli mashuhuri wa mashindano, ambaye hushindana akiwa na saa ya Richard Mille mkononi. Mtengenezaji huyo ana modeli iitwayo RM 67-02, iliyobuniwa kwa wanamichezo, ambayo uzito wake ni gramu 32 pamoja na mkanda. Saa nyepesi hivyo hujigonga kwa nguvu ndogo inapoanguka, na anayeivaa ana mtengenezaji nyuma yake wa kumtengenezea. Swali la kujiuliza wewe ni kama gharama ya fundi, ikibidi, utailipa bila kuichukia baiskeli.

SWALI

Nimerithi saa ya marehemu baba, ya kutia ufunguo kwa mkono, ambayo aliinunua katika miaka ya 1940. Ningependa kuivaa katika safari ya baiskeli ya kumkumbuka, mara moja tu. Je, kuna ubaya?

JIBU

Pole kwa msiba, na pole kwa jibu, kwa kuwa kwangu ni hapana. Saa nyingi za wakati huo zilitengenezwa kabla kinga ya mhimili haijawa kitu cha kawaida, na kinachotenganisha saa yako na uharibifu ni zile ncha nyembamba tupu. Fundi anaweza kukuambia kwa kuifungua tu: akitazama katikati ya daraja la mizani, yaani kipande kinachoshika gurudumu la mizani kwa juu, ataona ama springi ndogo inayoshika kito, ama kito kilichofungwa kwa bamba na skrubu bila springi yoyote. Ikiwa ni hali ya pili, hata shimo moja lililopigwa vibaya linatosha kuisimamisha, na mhimili wa saa ya umri huo mara nyingi haupatikani dukani, bali fundi hulazimika kuuchonga.

Usiibebe mfukoni pia, kwa sababu mifuko ya fulana ya baiskeli ipo mgongoni, mahali panapolowa jasho na panapoangukiwa. Kama lazima iwe nawe siku hiyo, izungushie kitambaa laini, iweke ndani ya kisanduku kigumu, na kisanduku ukiweke katikati ya nguo kwenye mkoba. Utakapofika mnakokwenda, ivae, itie ufunguo, na ukae nayo hapo muda wote utakao.

SWALI

Saa yangu ya kujijaza ilikuwa haikosei zaidi ya sekunde chache. Tangu nilipoanza safari za baiskeli inakwenda mbele dakika kadhaa kila siku, na sijaanguka hata mara moja. Je, ni mtetemo?

JIBU

Kabla ya kuulaumu mtetemo, jiulize simu yako unaishikiza vipi kwenye usukani. Vishikio vingi vya siku hizi hushika simu kwa sumaku yenye nguvu, na saa ya mkononi hupita sentimita chache kutoka hapo kila unapogusa kioo cha simu. Springi ya mizani ikishikwa na sumaku, mizunguko yake huvutana, springi hufanya kazi kama imefupishwa, na saa hukimbia. Sumaku za vipima mwendo vinavyofungwa kwenye spoku, vifungo vya begi na spika ndogo zinazobebwa safarini nazo ni za kutiliwa shaka.

Lete dira ndogo karibu na saa: sindano ikichezacheza kufuata mapigo au ikivutwa upande, jibu umelipata. Fundi huondoa sumaku kwa kifaa maalumu kwa dakika moja, bila kuifungua saa. Baadaye hamisha simu au tumia kishikio cha kubana. Kiwango cha kawaida cha saa inayostahimili sumaku, ISO 764, ni ampia 4,800 kwa mita (sawa na gausi 60 hivi), kipimo ambacho sumaku ndogo iliyo karibu sana hukipita kwa urahisi. Saa zenye springi ya silikoni hazina shida hiyo kwenye springi, na Omega ilionyesha mwaka 2013 mtambo unaostahimili zaidi ya gausi 15,000. Ikiwa dira haikuonyesha kitu, basi mwache fundi aitazame springi yenyewe.

SWALI

Je, mtikisiko wa safari ndefu unaweza kuijaza saa ya kujijaza kupita kiasi hadi springi ikatike?

JIBU

Hauwezi. Springi kuu ya saa hizo, ile inayohifadhi nguvu ya kuiendesha saa, haikufungwa kwenye ukuta wa pipa dogo inamokaa, bali huusukuma ukuta huo na kuteleza ikishajaa. Adrien Philippe alipewa hataza ya springi ya namna hiyo mwaka 1863. Tatizo huwa kinyume chake: juu ya lami laini mkono hutulia kwenye usukani, uzito wa ndani hauzunguki vya kutosha, na unaweza kushuka baada ya mwendo wa saa tatu ukakuta saa imejaa kidogo kuliko ulivyotarajia. Itie ufunguo kwa mkono mara ishirini hivi kabla ya kutoka.